Tuhuma za kuchiti kwenye sataranji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wachezaji, wazazi, walimu wa michezo na waamuzi wa Mtwara na Lindi. Maswali ni yale yanayorudi kila mashindano yakimalizika kwa kununiana, na kila habari ya tuhuma kutoka Ulaya au Marekani inapoingia kwenye makundi ya WhatsApp. Majibu yanafuata sheria za FIDE, shirikisho la dunia. Penye maoni yetu, tumesema ni maoni.

## Mambo ya msingi

1. Kuchiti ni nini hasa kwa mujibu wa sheria?

Kifungu cha 11.3.1 cha Sheria za Sataranji kinamkataza mchezaji, mchezo ukiendelea, kutumia maandishi, chanzo chochote cha taarifa au ushauri wa mtu, na kuchambua mchezo wowote kwenye ubao mwingine. Kifungu cha 11.3.2 kinakataza kuwa na kifaa cha kielektroniki ndani ya eneo la mashindano bila ruhusa ya mwamuzi. FIDE pia inahesabu kupanga matokeo kuwa udanganyifu, hata kama hakuna simu iliyoguswa.

Kujiandaa nyumbani si kuchiti. Mtu anaweza kukaa na kompyuta wiki nzima, akakariri hatua 20 za ufunguzi, kisha akaja kuzicheza kwa dakika mbili. Malalamiko mengi ya wachezaji wapya huanzia hapo: wanaona mpinzani hafikiri, wanadhani anaambiwa.

2. Kwa nini simu inaogopwa kiasi hicho?

Mwaka 1997 Deep Blue ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wakati huo, kwa 3.5 dhidi ya 2.5, na ilikuwa mashine kubwa ya kazi hiyo tu. Leo programu ya bure kama Stockfish, ndani ya simu ya kawaida, inamshinda binadamu yeyote. Tena mchezaji wa daraja la juu hahitaji kuambiwa mchezo mzima. Ishara moja tu kwamba "hapa kuna kitu" inatosha, kwa sababu atakitafuta mwenyewe. Ndiyo maana shaka huzuka haraka na ushahidi huwa mgumu kupatikana.

Tuhuma zenyewe si za jana. Baada ya mchezo wa pili wa 1997 Kasparov alidokeza kwamba kuna binadamu aliyeisaidia mashine. Hakuthibitisha, na baadaye IBM iliweka hadharani kumbukumbu za kazi ya kompyuta hiyo.

3. Ushahidi unaokubalika ni wa aina gani?

Kuna wa vitu: simu, kisikilizio, karatasi, ujumbe uliotumwa. Kuna wa macho: mwamuzi au shahidi ameona mchezaji akifanya jambo linaloweza kuelezwa kwa saa na mahali. Na kuna wa takwimu: hatua zinalinganishwa na za injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza sataranji (swali la 9 na la 10).

"Anacheza vizuri kuliko kawaida yake" haimo katika aina hizo. Wala "anaenda chooni sana", mpaka mtu aende aangalie chooni kuna nini.

4. Si wanasema lisemwalo lipo?

Methali hiyo imewahukumu watu wengi kwenye makundi ya simu. Mwamuzi haitumii. Kazi yake ni kuuliza nani ameona, ameona nini, na saa ngapi. Asipopata majibu hayo, mchezo unaendelea na matokeo yanabaki.

## Kesi zinazotajwa sana

5. Ya Carlsen na Niemann iliishaje?

Tarehe 4 Septemba 2022 Hans Niemann wa Marekani alimshinda Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, katika mashindano ya Sinquefield Cup, St. Louis. Kesho yake Carlsen akajitoa bila kusema sababu, akaacha dokezo tu mtandaoni. Waandaaji wakaongeza upekuzi na kuchelewesha matangazo kwa dakika 15. Wiki mbili baadaye, katika mashindano ya mtandaoni, Carlsen alicheza hatua moja dhidi ya Niemann akakubali kushindwa. Tarehe 26 Septemba ndipo alipotamka wazi kwamba anaamini Niemann amechiti zaidi ya alivyokiri.

Niemann alikuwa amekiri kuchiti mtandaoni alipokuwa na miaka 12 na tena alipokuwa na 16. Ripoti ya Chess.com, tovuti ya kuchezea sataranji, ya Oktoba 2022 ilisema inaelekea alichiti katika michezo zaidi ya 100 ya mtandaoni, lakini haikuleta ushahidi wa kuchiti ana kwa ana. Niemann alifungua kesi ya dola milioni 100, ikatupwa Juni 2023, na Agosti pande zote zikapatana. Carlsen mwenyewe alikubali kwamba hakuna ushahidi wa kuhitimisha kuwa alichitiwa katika mchezo ule.

Desemba 2023 Kamati ya Maadili na Nidhamu ya FIDE ikamtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali. Kwenye shtaka la kutoa tuhuma kiholela hakukutwa na hatia. Wanaosimulia kwamba "Carlsen aliadhibiwa kwa kumsingizia" wamekosea, na wanaosema "Niemann alikamatwa St. Louis" wamekosea zaidi.

6. Je, tuhuma pekee imewahi kubadilisha matokeo?

Ndiyo, na katika mechi ya ubingwa wa dunia. Elista, 2006: Vladimir Kramnik anaongoza 3 kwa 1 dhidi ya Veselin Topalov. Meneja wa Topalov, Silvio Danailov, akalalamika kwamba Kramnik anaingia chooni mara nyingi mno. Kamati ya rufaa ikavifunga vyoo binafsi na kuwapa wachezaji choo cha pamoja. Kramnik akagoma kucheza mchezo wa tano, Topalov akapewa pointi ya mezani. Hakuna kitu kilichopatikana chooni. Michezo ya kawaida iliisha 6 kwa 6 na Kramnik akashinda katika michezo ya haraka ya kuvunja sare.

Kesi ya pili inapaswa kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Ubingwa wa wanawake wa Ulaya, 2015, Chakvi nchini Georgia: Mihaela Sandu wa Romania, ambaye hakutarajiwa, alishinda michezo mitano ya kwanza. Wapinzani wakaandika barua ya pamoja kutaka michezo yake isirushwe moja kwa moja. Hakuna aliyeonyesha kifaa wala ishara. Baadaye Kamati ya Maadili ya FIDE iliwageukia walioandika, na Natalia Zhukova akapewa adhabu ya kufungiwa miezi mitatu, ikasimamishwa kwa masharti. Funzo la kiutendaji kwa waamuzi: ukimbadilishia utaratibu mchezaji mmoja tu, tayari umeuambia ukumbi mzima kwamba ni mwizi. Ukichelewesha matangazo, chelewesha ya wote.

7. Kramnik huyo huyo siku hizi anatuhumu wengine?

Tangu 2023 amekuwa akichapisha hadharani hesabu zake kuhusu wachezaji wa mtandaoni. Mwaka huo alilenga mfululizo wa Hikaru Nakamura wa pointi 45.5 katika michezo 46. Chess.com ilichunguza na kusema haikuona udanganyifu. Mfululizo kama huo si wa ajabu kwa mtu anayecheza maelfu ya michezo, mingi dhidi ya walio chini yake sana, kwani ukitafuta kipande kizuri kuliko vyote katika maelfu hutakosa kukipata.

Mwingine aliyelengwa kwa muda mrefu ni Daniel Naroditsky wa Marekani, aliyekana tuhuma hizo na ambaye hakuna chombo kilichomkuta na hatia. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Mwezi uliofuata uongozi wa FIDE uliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya Kramnik kwenye Kamati ya Maadili. Hatutazungumzia chanzo cha kifo hapa, na tunaomba wasomaji nao wasijipe kazi hiyo.

8. Wapo waliokamatwa kweli?

Wapo. Sébastien Feller wa Ufaransa, kwenye Olimpiki ya sataranji ya 2010 Khanty-Mansiysk: mtu alichambua akiwa mbali, akatuma hatua kwa ujumbe wa simu, na kocha akazifikisha kwa kusimama sehemu fulani za ukumbi. Walikwama kwa sababu ya ujumbe huo. Gaioz Nigalidze, Dubai, 2015: mpinzani alimlalamikia mwamuzi, choo kikakaguliwa, simu ikapatikana imefunikwa kwa karatasi za chooni na mchezo wake ukiwa ndani. Igors Rausis, Strasbourg, 2019: simu chooni tena. Nigalidze na Rausis walifungiwa na kuvuliwa cheo cha grandimasta, kikubwa kuliko vyote kwenye sataranji.

Katika kesi zote hizi kuna kitu kilichoshikika, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa kelele.

## Takwimu

9. Programu inasema mpinzani wangu amecheza kwa usahihi wa asilimia 97. Si ushahidi huo?

Hapana. Asilimia hiyo hupanda yenyewe katika hali tatu: mchezo mfupi wenye hatua nyingi za kukariri, sare tulivu ambayo kete zimebadilishwa zikaisha, na mchezo ambao mmoja alikosea mapema. Ukipoteza malkia kwenye hatua ya 11, mshindi hana kazi ngumu. Karibu kila hatua yake itahesabiwa sahihi. Mara nyingi usahihi wake mkubwa umetengenezwa na makosa yako.

Anayechunguza kwa makini huondoa kwanza hatua za ufunguzi, kisha huondoa nafasi ambazo upande mmoja umeshashinda, kisha hatua za lazima. Kwenye mchezo wa hatua 35 zinaweza kubaki 12. Hatua 12 hazimhukumu mtu.

10. "Alama Z" ni nini?

Ni kipimo anachotumia, miongoni mwa wengine, Profesa Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo, ambaye kazi yake hutumiwa na FIDE. Kinauliza: kwa kiwango cha mchezaji huyu, kufanana kwake na injini kumepita matarajio kwa kiasi gani? Z ya 2 hutokea kwa bahati tupu takriban mara 1 katika 44. Z ya 3, mara 1 katika 740. Z ya 5, mara 1 katika milioni 3.5.

Watu huteleza hapa. Wakicheza watu 300 na wote ni waaminifu, tarajia kama 7 wavuke Z ya 2. Ukimchukua mmoja wa hao saba na kutangaza kwamba "uwezekano ni 1 katika 44", umesema hesabu ya kweli na umemsingizia mtu. Takwimu inafanya kazi ya bambo: inakuonyesha gunia la kufungua, na haiwi badala ya kulifungua. Pakiwepo ushahidi wa vitu au wa macho, Z ya wastani huuongezea nguvu. Bila hivyo, inatakiwa iwe kubwa mno.

11. Mtoto wa shule amemfunga mtu anayemzidi alama 400. Inawezekana?

Inawezekana sana. Alama hapa ni kipimo cha FIDE cha uwezo wa mchezaji, kinachopanda au kushuka kwa matokeo yake. Kwa jedwali la FIDE, anayezidiwa alama 200 anatarajiwa kupata pointi 0.24 kwa mchezo, na anayezidiwa 400 anapata 0.08. Maana yake michezo 25 ya namna hiyo huleta pointi 2.

Halafu alama za watoto huchelewa kuufikia uwezo wao. FIDE inalijua hilo, ndiyo maana kizidishi (namba inayoamua alama zipande au zishuke kwa kasi gani) cha walio chini ya miaka 18 wasiofika 2300 ni 40, wakati cha mtu mzima wa kawaida ni 20. Kwetu pengo ni kubwa zaidi: mtoto wa Masasi au Nachingwea anaweza kujifunza kwa simu mwaka mzima bila kucheza mashindano hata moja yenye alama, kwa sababu mengi yako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Akija na alama zake za zamani atawaumiza watu. Mpeni pole aliyefungwa.

## Ukiwa na shaka

12. Nifanye nini nikiona jambo wakati mchezo unaendelea?

1. Simamisha saa umwite mwamuzi. Usimsemeshe mpinzani, kumsumbua ni kosa lako chini ya kifungu cha 11.5.
2. Mwambie mwamuzi kwa sauti ya chini ulichokiona, si unachokihisi. "Saa 4:20 ameingia choo cha kushoto, saa 4:31 ametoka, ni mara ya tatu tangu hatua ya 18" ni maelezo. "Huyu anachiti" si maelezo.
3. Omba kuandika. Taja jina lako, ubao, raundi, saa na shahidi kama yupo. Mwamuzi atakueleza kwamba malalamiko yasiyo na msingi yana adhabu.
4. Rudi ucheze. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayowapotezea watu michezo: mtu anaacha kuangalia ubao anaanza kuangalia mifuko ya mwenzake.

Kama si mchezo wako, kifungu cha 12.7 kinakuruhusu kumwambia mwamuzi tu. Mashindano yakishaisha, malalamiko hupitia kwa chama cha taifa au kwa kamati ya FIDE inayohusika, pamoja na maandishi ya michezo yote, si ule mmoja uliofungwa.

13. Nikikosea nitaadhibiwa?

Kukosea kwa nia njema, ukiwa umemwambia mwamuzi peke yake, hakuna shida. Miongozo ya FIDE ya 2014 ya kupambana na udanganyifu ililenga malalamiko yasiyo na msingi wowote: onyo la kwanza liliwekwa kwenye kumbukumbu, na la pili ndani ya miezi sita lilileta kufungiwa.

14. Naweza kuandika kwenye kundi la WhatsApp bila kutaja jina?

Ukiandika "yule wa Shangani aliyeshika nafasi ya pili", umetaja jina. Mbali na sheria za mchezo, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo au za kupotosha kwa nia ya kukashifu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kuna pia madai ya kashfa mahakamani. Msimamizi wa kundi afute ujumbe na kumwelekeza mwandishi kwenye swali la 12.

## Ukituhumiwa

15. Nimetuhumiwa mbele ya watu. Nianzie wapi?

Usijibishane. Muombe mwamuzi aandike kwamba tuhuma imetolewa, na nani, na saa ngapi. Toa mwenyewe mifuko yako ikaguliwe. Hulazimiki kujitolea kabla ya kuombwa, lakini huzima moto mapema. Hifadhi karatasi yako ya kuandikia hatua. Mtu akitaka uthibitishe hukuchiti, elewa kwamba jambo hilo haliwezekani na huna wajibu nalo: mzigo wa ushahidi ni wa anayetuhumu.

Baada ya mchezo, kuuchambua mbele ya mwamuzi kunasaidia kuliko kiapo. Anayeelewa alichokicheza ataeleza pia hatua alizoziacha na kwa nini.

16. Mwamuzi anaweza kunipekua?

Ndiyo, kwa kifungu cha 11.3.3: nguo, mifuko, vitu vingine au mwili, kwa faragha, na anayepekua awe wa jinsia yako. Kwa hiyo waandaaji wawe na mwanamke mmoja aliyeteuliwa mapema. Kumtafuta wakati binti mwenye hijabu amesimama katikati ya ukumbi ni kumdhalilisha. Ukikataa bila sababu utaadhibiwa, pengine kwa kupoteza mchezo.

17. Akaunti yangu ya mtandaoni imefungwa, na sijachiti.

Tuma rufaa kwa fomu ya tovuti yenyewe, kwa maneno machache. Usifungue akaunti nyingine. Hilo peke yake ni kosa kwenye tovuti nyingi na litaiua rufaa. Kagua kwanza mambo ya kwetu: simu moja inayotumiwa na kaka na mdogo wake, au mjomba anayesimama nyuma na kusema "mpeleke farasi". La pili ni kuchiti, hata kama mjomba ni mbovu kuliko wewe. Simu ikipigwa katikati ya mchezo, programu hurudi nyuma na mfumo huona umeondoka. Mara moja si neno, ila zuia simu zinazoingia kabla ya kuanza. Bando kukata hakuhesabiwi udanganyifu.

## Kwa waandaaji, na mambo ya pembeni

18. Hatuna kifaa cha kutambua chuma. Tufanyeje?

Kwa wachezaji 40 mnahitaji bahasha 40 za kaki, kalamu ya wino mzito, daftari na meza moja yenye mtu asiyeondoka. Simu na saa janja zizimwe kabisa (si kuondolewa sauti), ziingie kwenye bahasha, namba iandikwe, mwenyewe asaini kuweka na kuchukua. Anayesema hana simu asaini pia.

Choo ndicho mahali pa kulinda. Tengeni kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake kwa wachezaji pekee. Watazamaji waende kwingine. Kabla ya kila raundi, na kila nusu saa baadaye, mtu akague tangi la maji, nyuma ya bomba, ndoo ya taka, juu ya ukuta usiofika dari na ukingo wa dirisha. Andikeni muda wa ukaguzi. Siku tuhuma itakapotoka, daftari hilo ndilo litakalomlinda asiye na kosa.

19. Simu imelia mfukoni mwa mchezaji. Tumtangaze mchiti?

Hapana. Atapoteza mchezo chini ya 11.3.2.2, isipokuwa kanuni za mashindano yenu ziliweka adhabu nyepesi tangu mwanzo. Kukutwa na simu ni kosa la kanuni. Kuitumia ni kosa jingine, nalo linahitaji ushahidi wake.

20. Mchezaji anatoka kwenda kuswali. Anaruhusiwa?

Kwa ruhusa ya mwamuzi, na saa yake inaendelea kukimbia. Njia bora ni ratiba: raundi ya Ijumaa isianze kabla ya saa 8 mchana, na michezo ya asubuhi iwe imekwisha ifikapo saa 6. Mkishindwa, atoke na msindikizaji, na utaratibu huo uwe wa kila anayetoka kwa sababu yoyote.

21. Kocha amesema kitu kwa Kimakonde na mwamuzi haelewi lugha hiyo.

Haihitaji kueleweka. Kuzungumza na mchezaji wakati mchezo unaendelea kunazuiwa kwa lugha yoyote. Mwamuzi amwondoe kocha eneo la mbao, ampe mchezaji onyo, aandike. Asihitimishe kwamba hatua imetajwa kama hakuna shahidi aliyeielewa. Watazamaji waliozoea baraza la bao, ambako kila mtu ana ushauri, waelezwe hilo kabla ya raundi ya kwanza na wawekewe kamba mita mbili kutoka kwenye meza.

22. Mchezaji anatumia kifaa cha kusaidia kusikia.

Aombe ruhusa kabla ya mashindano na amwonyeshe mwamuzi kifaa. Vingi vya kisasa huunganishwa na simu, kwa hiyo simu yake iwe kwenye bahasha kama za wengine. Mpinzani aambiwe kabla ya raundi kuanza, ili asije akagundua mwenyewe kwenye hatua ya 30 akiwa anashindwa.